Mishale Mipya ya Kipkurui

Mimi simpendi Kipkurui. Wacha niseme hilo mapema, ndiyo ukinisikia nikilitaja jina lake usidhani nimetumwa na kanisa. Watu huja hapa Litein na kamera zao, wanauliza sokoni, "Yule mzee aliyekuwa akitengeneza misalaba kwa mishale ya vita anakaa wapi?" Na hawa wenzangu, kwa uchokozi tu, wanawaelekeza kwangu. "Muulizeni Nyanchama, yule wa ndizi. Yeye ndiye anamjua vizuri." Halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Basi keti hapo kwa kreti. Lakini kama ulikuja kutafuta hadithi tamu, umekosea duka.

Kipkurui ni fundi wa chuma. Baba yake alikuwa fundi wa chuma, na babu yake pia. Banda lake liko kwenye kituo chetu kidogo, mteremko mmoja kutoka hapa mjini, ng'ambo ya barabara likitazamana na kile kibanda ambapo wakulima hupimiwa majani ya chai wakingoja lori la kiwanda. Anatengeneza jembe, kengele za ng'ombe, visu vya kupogolea chai. Ni mrefu, amekonda, na maneno yake ni machache utadhani anayanunua. Wakipsigis wenzake wanamheshimu kwa heshima yenye woga ndani yake, maana kwao ukoo wa wahunzi si wa kuchezewa. Wanasema mhunzi akikulaani huku anavuta mvukuto, wewe na uzao wako mmekwisha. Mimi ni Mkisii. Laana yake sijui kama inanipata, na kama inanipata, ilishachelewa.

Ilichelewa kwa sababu mwanzo wa mwaka wa elfu mbili na nane, kura zilipoharibika na nchi ikawaka, Kipkurui hakutengeneza jembe hata moja. Alitengeneza vichwa vya mishale. Hili si siri, hata yeye halikatai. Alichukua msumari mrefu wa mbao, akautia motoni, akaugonga ukawa bapa, kisha akauchonga meno pande zote mbili. Meno yanayotazama nyuma, ili mshale ukiingia uingie, na ukitaka kutoka utoke na nyama. Vijana walimngojea pale nje wametulia kabisa, kama wanaongojea majani yao yapimwe. Yeye mwenyewe hakwenda vitani. Hakushika upinde. Alipiga nyundo mchana kutwa, jioni akaenda nyumbani kwa mkewe Chepngeno akala ugali na maziwa. Wetu nao hawakuwa malaika. Walikuwa na mapanga, na kuna maboma ya Wakipsigis yaliyobaki majivu. Najua hayo yote, lakini sikuzaliwa niwalilie watu wote. Nina wangu wa kumlilia.

Wangu ni Mokaya, ndugu yangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Alikuwa fundi wa redio na simu. Wakati huo simu ndiyo zilikuwa zinaingia mikononi mwa kila mtu, na kila mtu alikuwa akimtafuta Mokaya. Siku walipoichoma ploti tuliyokuwa tumepanga, tulikimbilia shamba la chai. Umewahi kukimbia ndani ya chai, wewe? Miti imeshikana juu kama meza, na huko chini matawi yanakuchana miguu, huwezi hata kuanguka vizuri. Mshale ulimpata mgongoni. Alianguka mbele yangu akasema, "Nyanchama, miguu yangu imeenda wapi?" Nilimtia mgongoni, nikatoka naye mpaka kwenye lami, na lori la polisi likatuchukua. Hospitalini waliutoa ule mshale. Miguu haikurudi.

Tulikaa Kisii kwa ndugu zetu mpaka wakatuchoka. Shamba kule ni kidogo, kila mtu anapima mpaka kwa nyayo, na mgonjwa wa kitandani anachukua nafasi ya kitanda. Tukarudi Litein, kwa sababu hapa ndipo wateja wangu walipo. Watu waliniuliza, utaishije na wale? Nikawaambia nitaishi nao nikiwachukia. Si lazima umpende mtu ndiyo umuuzie ndizi.

Sasa, hiyo misalaba. Baada ya vita waliitisha mabaraza ya amani, watu wakaambiwa walete silaha. Mishale ikaja kwa magunia. Padri wetu wa wakati huo, mtu wa kupenda kuanzisha vitu, akabeba magunia yale mpaka kwa Kipkurui, akamwambia, "Wewe ndiye uliyeitengeneza, wewe ndiye utakayeigeuza." Kipkurui akatengeneza msalaba. Akaviunganisha vichwa vya mishale, Yesu mwenyewe akamtoa kwenye vichwa vilivyopindwa, mbavu zake unaziona moja moja, na taji la miiba ni yale meno. Wageni wa padri waliuona wakatokwa na machozi, wakaununua. Wengine wakaagiza. Pesa zote zikawa zinanunua viti vya magurudumu matatu, vile vya kuendesha kwa mikono, vyenye nguvu ya kupanda barabara zetu za mawe. Vilipewa watu walioumizwa vitani, wa pande zote mbili, kila mmoja kwa zamu yake.

Kipkurui hakujichukulia hata senti. Hata hilo lilinikera. Mtu unayemchukia akiwa mwizi, angalau chuki yako inakaa vizuri.

Na kuna jambo moja alilokuwa akifanya ambalo lilinichemsha damu. Yale meno ya mshale, kabla hajayaweka kwenye msalaba, alikuwa akiyapiga tupa. Anapitisha tupa polepole, anapapasa kwa kidole gumba, anarudia tena, ili atakayeshika msalaba asije akajikwaruza. Ala! Mwaka ule tupa ilikuwa wapi? Nilikuwa nikipita hapo na kikapu changu nikisikia ile tupa inalia, napanda kwenda zangu nikimtukana kimoyomoyo mpaka nafika sokoni.

Basi ikafika mwaka wa kura iliyopita hii. Unajua vile huku kwetu mwaka wa kura unavyokuwa. Watu wanasalimiana wakiangaliana viatu. Katika mwaka kama huo ndipo Joan alikuja nyumbani kwangu. Joan ni mwalimu mstaafu, Mkipsigis, mwenyekiti wa kamati ya parokia, mwanamke wa kutembea na mwavuli hata jua likiwaka.

"Mama Vinny, nimekuja na habari njema," akasema. Vinny ni mwanangu, yuko Nairobi anatafuta maisha. "Zamu ya Mokaya imefika. Wageni wanakuja Jumapili kuchukua misalaba yao, na kiti wanakileta wenyewe."

Mokaya alikuwa kitandani na simu ya mtu ameifungua kifuani. Aliweka bisibisi chini. Mimi mwenyewe nilikaa.

"Kuna kitu kidogo tu," Joan akaendelea. "Wageni wangependa kuona. Kwa hiyo Kipkurui atamsukuma Mokaya kwa kile kiti, kutoka mlangoni mpaka altareni. Halafu wewe utasema neno moja."

"Neno gani, mwalimu?"

"Kwamba umesamehe."

"Nani alikuambia nimesamehe?"

"Mama Vinny, ni neno moja tu."

"Kama ni moja tu, liseme wewe."

Joan akavuta pumzi kama wanavyovuta walimu. Akaniambia waziwazi kwamba hawa wageni ndio wanaobeba kazi yote, na wakiona matatizo, kile kiti hata hakitashuka kwenye gari. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwonyeshe mlango, Mokaya akanikata.

"Nyanchama. Mgongo uliochomwa ni wangu, si wako."

Nikamgeukia.

"Mimi nataka kiti," akasema. "Hata shetani akinisukuma, bora nifike sokoni." Alikuwa ameshapanga kila kitu huko kitandani, kumbe. Mahali pa kuweka meza yake ya simu pale stendi, mwavuli, nani atamwachia nafasi. Miaka yote hiyo nikidhani analala, alikuwa anajenga duka kichwani. Alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tukiwa kwa ploti ile. Sasa ungefanya nini? Nikamwambia Joan sawa, tutakuja.

Lakini nikasema siwezi kwenda Jumapili kabla sijampa yule mtu masharti yangu. Atasukuma, sawa, lakini asimguse Mokaya bega, asimpige-pige mgongoni, na asilie. Hasa asilie. Nikateremka mpaka kwa banda lake, nikaingia bila hodi.

Haki ya Mungu! Alikuwa ameshika msumari mwekundu kwa koleo, anaugonga. Chini kulikuwa na rundo la vichwa vya mishale, vipya, vinang'aa. Kando kulikuwa na ndoo imejaa vingine, vimezama kwenye kitu kinachonuka. Mwaka wa kura, Kipkurui anafua mishale. Nilishika mlango.

"Unapika vita tena?" nikasema.

Aliweka nyundo chini. "Hapana, mama. Ni ya msalapa." Hivyo ndivyo anavyotamka, na kwa kawaida mimi humcheka, ila siku hiyo sikumcheka.

"Msalaba gani wa mishale mipya?"

Akakuna shingo. Akasema ile ya zamani iliisha. Iliisha kitambo, gunia la mwisho, na wageni waliendelea kuagiza. Padri wa kwanza alikuwa ameshahamishwa. Na watu wa viti walikuwa bado wanangoja zamu. Basi yeye akawa ananunua misumari, anafua mishale kama ile ile, anailoweka kwa maji ya chumvi na mkojo wa ng'ombe mpaka ishike kutu, kisha anaitengenezea misalaba. Aliniokotea kimoja mle kwenye rundo, akanipa. Kilikuwa na meno, ndiyo, lakini hakikuwa na mkia wa kuingia kwenye mti wa mshale. Mahali pa mkia palikuwa pana, pametobolewa tundu la kupitisha waya. Ukitaka kukirusha, utakirusha kwa mkono kama jiwe.

Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na haikuwa furaha. "Kwa hiyo hata toba yako ni feki! Watu wanapiga magoti mbele ya misumari ya dukani!"

"Toba sijui, mama," akasema. "Viti si feki."

"Padri huyu mpya anajua?"

"Hajui."

"Joan?"

"Hajui."

"Mimi nitawaambia."

Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, bila kunitisha, "Ukisema kabla ya Jumapili, kiti cha Mokaya hakuna."

Unaona mtu huyu? Hata ukimshika mwizi mchana, kamba iko shingoni mwako. Nikamwambia, "Basi nitasema Jumatatu. Mokaya akishakalia kiti chake, Jumatatu asubuhi nitakutangaza soko zima, na Chepngeno wako asikie." Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba tumeuziana ng'ombe. Nikaondoka. Masharti yangu nilisahau kuyatoa.

Nyumbani sikusema kitu. Mokaya alikuwa amenyoa ndevu.

Jumamosi ni siku ya soko. Nilikuwa nimeuza mikungu ya kwanza tu, nikaona Ogari anafunga duka lake. Ogari ni mwenzetu, Mkisii, ana hardware kubwa, na ukiona Ogari amefunga duka siku ya soko, ujue kuna mtu amekufa au anakaribia kufa. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimuuzia Kipkurui misumari. Alikuwa akijiuliza kimya kimya, huyu mzee ananunua misumari mirefu kila mwezi, mbona hajengi? Mwaka wa kura ulipofika, na misumari ikaongezeka, akamtuma mtu apeleke panga kunolewa na achungulie. Yule mtu alichungulia, akapiga picha ile ndoo. Kufika saa nne picha ilikuwa kwa kila simu ya Mkisii kutoka Litein mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba makubwa. Maandishi chini yake yalikuwa mafupi: Wameanza tena.

Sikiliza, usiwacheke wale watu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Wanawake waliangusha biashara. Lori likaletwa, magodoro yakarushwa juu, watoto wakavalishwa sweta mbili mbili kwenye jua. Nilimwona Nyabate wa mboga akikimbia na kiatu kimoja. Wanaume hawakupanda lori. Walimfuata Ogari, wakateremka kwenda kwa Kipkurui.

Mimi nilikimbia nyumbani. Mokaya alikuwa na simu mkononi, ameshaiona ile picha.

"Si ya vita," nikamwambia huku nahema. "Ni ya misalaba. Nimeiona kwa macho yangu, haina hata mkia. Ya zamani ilikwisha, huyu mjinga anatengeneza mipya."

Mokaya ana akili, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Basi nyamaza," akasema. "Kesho ni Jumapili."

"Mokaya, wataua mtu."

"Watampiga kidogo. Polisi watakuja."

"Na vijana wao wakijibu? Tutakimbia vipi? Mimi ni mzee sasa, siwezi kukutoa hapa."

"Mimi sikimbii tena. Kimbia wewe." Akanishika mkono, na mikono yake ina nguvu, ni mikono ya mtu anayejiinua nayo kila siku. "Nyanchama, nakuomba. Nimekuomba kitu gani miaka hii yote? Nyamaza mpaka kesho."

Nilimtoa vidole kimoja kimoja, nikatoka. Aliniita mara nyingi. Sauti yake niliisikia mpaka kwenye kona.

Nilipofika, kituo kilikuwa kimejaa. Upande huu Ogari na wanaume wetu wamelizunguka banda. Upande wa pili, pale kwenye kibanda cha kupimia, vijana wa Kipsigis walikuwa wameweka chini vikapu vya majani na wanaokota mawe, rungu zimeshatoka sijui wapi. Katikati ni barabara tu. Kipkurui amesimama mlangoni kwake, mikono inaning'inia. Ogari amemwekea vichwa vya mishale usoni.

"Sema! Hii ni ya nini? Ni ya nani safari hii?"

Kipkurui hakusema kitu.

"Una mdomo au huna?"

Jiwe likatoka nyuma yetu likampata kwenye paji la uso. Damu ikateremka mpaka kwenye kidevu, asijipanguse. Ng'ambo ya barabara wale vijana wakapiga kelele, wakaanza kuvuka. Hapo ndipo Kipkurui aliniona. Alinitazama juu ya vichwa vya watu, na akatikisa kichwa kidogo, hivi. Usiseme.

Nikwambie ukweli, hapo ndipo nilipandwa na hasira kuliko siku zote. Mtu huyu alikuwa tayari kufa ili Mokaya apate kiti! Akifa pale mlangoni, kesho ni mtakatifu. Watamtengenezea sanamu. Na mimi nitabaki na ndugu aliyekalia kiti cha damu yake, nikiambiwa kila mwaka nishukuru. Wema wake ulitaka kunifuata hadi kaburini. Hapana, nikasema, huyu hatanishinda kwa kufa.

"Ni feki!" nikapiga kelele. "Wajinga nyinyi, ni feki!"

Nilipenya katikati yao kwa viwiko. Nilimnyang'anya Ogari kichwa kimoja, nikakiinua. "Mkia uko wapi? Nani anionyeshe mkia! Utakiweka kwenye mti gani? Hili tundu ni la nini kama si la waya?" Nikaingia ndani, nikatoka na msalaba mmojawapo wa wageni, nikaupiga kwenye jiwe la mlangoni mara mbili, ukaachana. Vichwa vikamwagika chini. "Angalieni! Tundu hili, na tundu lile! Ya vita iliisha zamani, huyu anafua mipya anailoweka kwa mkojo wa ng'ombe anawauzia wageni! Si mpiganaji huyu. Ni tapeli!"

"Nyanchama," Ogari akasema, "unamtetea huyu?"

"Mimi? Nimtetee nani? Mwueni kesho kama mnataka, lakini mwueni kwa kosa lake! Na misumari alinunua kwako, Ogari, hela ulipokea ukashukuru!"

Ogari alikiokota kichwa kimoja, akaingiza ncha ya kalamu kwenye lile tundu, ikatokea upande wa pili. Akakigeuza, akakigeuza tena. "Kwa hiyo nimekuwa nikiuza misumari ya Yesu," akasema, na mtu mmoja akacheka, na mwingine. Wale vijana waliokuwa wanavuka walisimama katikati ya barabara. Mmoja wao aliokota kipande, akakitazama, akamtemea mate Kipkurui miguuni. Wao walikuwa wamezoea kujivunia ile misalaba. Simu zilikuwa juu, kila mtu anarekodi. Lori la chai likaja likapiga honi, na wakulima wakakumbuka majani yao yananyauka. Hivyo ndivyo ilivyoisha, kwa honi.

Kipkurui alijipangusa damu kwa mkono wa shati. "Mama Vinny," akasema, "kiti."

"Nyamaza," nikamwambia.

Video ilifika Nairobi kabla mimi sijafika nyumbani. Wageni hawakuja Jumapili, wala Jumapili nyingine yoyote. Padri aliongea kwenye mahubiri juu ya uongo, hakutaja mtu, na kanisa zima likageuka kuniangalia mimi, si Kipkurui. Joan alinipita mlangoni na mwavuli wake. Alisema kulikuwa na watu wengine wanaongoja zamu baada ya Mokaya, Wakisii na Wakipsigis, na niende mwenyewe kuwaambia. Sikwenda.

Lakini hayo yote ni maneno ya watu. Mimi nilikuwa nangoja neno la Mokaya. Alikaa siku nzima ameangalia ukuta. Jioni nikamletea chakula, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Wangemuua, Mokaya," nikasema.

"Wangemuua." Hakugeuka. "Na mimi walinifanya nini?"

Nikamsogezea sahani.

"Jumatatu ilikuwa mbali sana, Nyanchama?"

Hilo ndilo neno la mwisho alilonipa. Tangu hapo, wateja wakija na simu zao anaongea nao, anacheka nao, anawauliza habari za watoto. Vinny akipiga simu, wanaongea mpaka chaji inaisha. Mimi nikiingia, mazungumzo yanakatika. Sahani nikiiweka anaisukuma ikiwa tupu, bila asante, bila kusema hata chumvi ni kidogo. Nimemwosha na kumgeuza kitandani tangu akiwa kijana, na sasa ananiangalia kama mtu aliyempiga mshale wa pili. Wakati mwingine nafikiri ni kweli.

Lori lile lilipakuliwa siku ile ile. Nyabate anauza mboga zake, Ogari anauza misumari yake. Hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyesema asante, maana watu hawashukuru kwa vita ambavyo hawakuviona. Kipkurui amerudi kwenye jembe na kengele. Wa kwao wanamdharau, wa kwetu wanamdharau, lakini wote wanampelekea majembe, kwa sababu hakuna mwingine. Ana kovu hapa juu ya jicho. Kila asubuhi anapita mbele ya ndizi zangu, anasimama, ananisalimu kwa lugha yao, "Chamgei, Mama Vinny." Naangalia ndizi. Anangoja kidogo, kisha anaenda zake. Kesho yake anasimama tena.

Jana nilimwitikia. Usiandike kwamba nimesamehe, nitakufuata mpaka Nairobi nikupasulie hiyo kamera. Kule nyumbani hakuna anayeniongelesha, na nilitaka kusikia kama sauti yangu bado inatoka.